Nani Ana Funguo? Mwongozo Kamili wa Kuendesha Mradi wa Programu Huria ya Kisayansi

Saa kumi alasiri mashua ilikuwa imelala ubavu kwenye matope ya Mkanda, samaki ndani, barafu inayeyuka, na nahodha amekaa tezi na karatasi yetu mkononi. Asiyeijua Mkanda aelewe hivi: ni njia ya maji kati ya kisiwa cha Manda na bara, mikoko huku na huku. Atokaye Faza au Kizingitini kuja Lamu bila kupigwa na bahari kuu hupita hapo. Maji yakijaa ni njia, yakipwa ni uwanja wa kaa.

Karatasi ilitoka kwenye programu yetu, programu huria inayokokotoa saa za maji kujaa na kupwa katika visiwa vyetu. Kwa miaka miwili ilikuwa ikiandika 10:20, na nahodha mwenyewe akitafsiri kichwani: saa nne na dakika ishirini asubuhi. Wiki ile mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, aliibadilisha iandike saa za Kiswahili: 4:20. Nahodha akatafsiri kama alivyozoea, akapata saa kumi na dakika ishirini alasiri. Saa ya Kizungu na saa yetu zinapishana kwa saa sita. Na kutoka maji kujaa hadi kupwa ni saa sita na dakika kumi na kitu. Kosa la saa sita baharini si kuchelewa, ni kufika ukakuta bahari imeondoka.

Kesho yake alinikuta gatini. Hakufoka. "Mwanangu," akasema, "mumebadilisha saa. Mumemuuliza nani?"

Sikuwa na jibu. Wawili wetu tulikuwa tumesema tungoje kidogo. Wa tatu alikuwa na haki ya kuunganisha msimbo, yaani kuingiza mabadiliko kwenye maandishi ya programu, akaunganisha usiku. Kurekebisha kulichukua siku nne, maana mwenye akaunti ya kutolea matoleo mapya alikuwa peke yake, naye alikuwa safarini, simu imezimwa. Hakuna aliyevunja kanuni yoyote, kwa sababu kanuni hazikuwapo.

Haya yafuatayo ndiyo tuliyoyafanya baadaye, pamoja na tuliyojifunza kwa miradi mikubwa iliyotutangulia. Nimewalenga wenye miradi midogo, ya watu watatu hadi ishirini hivi: walimu, watafiti, wanafunzi wenye programu ya mvua, ya samaki, ya mikoko, ya nyota.

Hatua ya kwanza: hesabuni funguo

Wengi wakisikia neno utawala hukimbilia katiba: utangulizi, malengo, ibara ya kwanza. Wekeni kando kwanza. Kaeni barazani na karatasi moja, kila mtu ataje kitu anachoweza kukifungua ambacho mwenzake hawezi.

Sisi tulipata saba. Usimamizi wa hifadhi ya msimbo kwenye GitHub. Akaunti ya PyPI, ambako watu wanaipakua programu. Anwani ya tovuti, ambayo hulipiwa kila mwaka na ilikuwa kwa jina la mtu aliyekwisha kuhamia Nairobi. Barua pepe ya mradi. Seva ndogo inayochapa majedwali. Uadmini wa kikundi cha WhatsApp cha manahodha. Na laini ya M-Pesa inayopokea michango, ambayo, nasema kwa haya, ilikuwa laini yangu ninayonunulia mboga.

Chora jedwali la safu nne: kitu chenyewe, mwenye ufunguo, mwenye ufunguo wa pili, na lini nenosiri lilibadilishwa mara ya mwisho. Kila mstari lazima uwe na watu wawili, na wawili hao wasiwe wa nyumba moja wala wa mwajiri mmoja. Sisi tuliongeza: wala wasisafiri kwenye chombo kimoja. Tuliandika kwa utani, haijafutwa mpaka leo. Washeni uthibitisho wa hatua mbili, na zile namba za akiba zichapwe na kuwekwa mahali pakavu.

Hili si jambo la miradi midogo pekee. John Hunter, aliyeanzisha Matplotlib, ile maktaba ya msimbo ya kuchorea grafu kwa Python, lugha ya kuandikia programu, alifariki Agosti 2012. Mradi haukufa naye, kwa kuwa walikuwapo wengine wanaoujua msimbo na wenye haki ya kuuendeleza. Jiulizeni kwa jina: fulani asipoamka kesho, kitafungika nini?

Lakini kugawa funguo ovyo ni balaa la upande wa pili. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kunachelewa kwa takriban nusu sekunde kuliko kawaida, akachimba, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux. Aliyeuweka alijiita Jia Tan. Alianza kuchangia mwaka 2021, kazi safi, adabu tele, huku akaunti nyingine zikimsonga mtunzaji wa asili, mtu mmoja aliyechoka, kwamba anachelewa na amwachie mwingine. Akampa ufunguo. Kwa hiyo kwetu ufunguo wa kutoa matoleo hutolewa mwisho kabisa: mtu awe amepitia kazi za wenzake kwa miezi sita, awe amezungumza nasi uso kwa uso au kwa video, na watunzaji wote wakubali kwa maandishi. Anayekuharakisha umpe ufunguo, huyo ndiye wa kungojeshwa.

Hatua ya pili: leseni, tena leo

Msimbo uliowekwa hadharani bila leseni si huria. Kwa sheria haki zote ni za mwandishi, na anayeutumia anautumia kwa kuibia. Chagueni moja ya leseni zinazojulikana, msijitungie yenu. MIT na BSD humruhusu mtu kufanya karibu lolote mradi ahifadhi majina yenu. Miradi mingi ya sayansi iliyoandikwa kwa Python iko huko. GPL humlazimu anayesambaza programu iliyotokana na yenu afungue na yake. Sisi tulichukua BSD. Chagueni mapema, maana kila mchangiaji anabaki na hakimiliki ya kipande chake, na kubadilisha leseni baada ya miaka mitano ni kuwasaka watu waliokwisha kuoa, kuhama na kubadilisha namba.

Walioajiriwa waangalie mikataba yao. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya maandishi, na kazi iliyofanywa ndani ya ajira kwa kawaida ni ya mwajiri isipokuwa mmekubaliana vingine. Barua ya mistari mitatu kutoka kwa mkuu wa idara inatosha. Iombeni wakati bado anawapenda.

Hatua ya tatu: nani ni nani

Andikeni ngazi na namna ya kupanda. Mtumiaji, mchangiaji, mtunzaji, basi. Zaidi ya hapo ni vyeo. Mchangiaji ni yeyote ambaye kazi yake imeingia. Mtunzaji ana haki ya kuunganisha kazi za wengine, na hupatikana kwa kupendekezwa na mtunzaji mmoja na kutopingwa na wengine.

Kazi isiwe msimbo tu. Kwetu kuna mama wa Matondoni ambaye hajaandika mstari hata mmoja wa Python, lakini kwa kusi mbili mfululizo ameandika kwenye daftari saa ambayo maji yaligusa kijiti alichokichomeka mbele ya nyumba yake. Daftari hilo limetufichulia makosa mengi kuliko sisi wote. Ni mtunzaji, na kura yake ni kura.

Wekeni na njia ya kutoka. Asiyeonekana kwa miezi kumi na miwili huulizwa kwa upole, kisha jina lake huhamishiwa kwenye orodha ya wastaafu na funguo zake hufungwa. Akirudi anarudishiwa bila masharti mengi. Likiwa limeandikwa tangu mwanzo halimuumizi mtu. Lisipoandikwa, siku utakapomwondolea haki rafiki yako itakuwa ugomvi wa ukoo.

Hatua ya nne: namna ya kuamua

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo tulipokwama Mkanda.

Kosa letu lilikuwa kudhani mabadiliko yote ni ya aina moja. Siyo. Kosa la tahajia kwenye maelezo linaweza kuunganishwa na mtunzaji mmoja. Mabadiliko ya hesabu, tuseme kuongeza kijenzi kimoja cha mawimbi juu ya M2, lile wimbi kuu la mwezi lenye mzunguko wa saa 12.42, yapitiwe na watu wawili, mmoja wao ayalinganishe na vipimo halisi. Na mabadiliko yanayoonekana na mtumiaji, hata kama ni ya mstari mmoja wa msimbo, yaandikiwe pendekezo. Badiliko la 4:20 lilikuwa mistari mitatu. Ukubwa wa badiliko hupimwa kwa anayeumia likikosewa. Mistari ya msimbo haisemi kitu.

Mapendekezo ya maandishi si uvumbuzi wetu. Python ina PEP tangu mwaka 2000, NumPy, maktaba ya hesabu, ina NEP, na Astropy, ya wanajimu wa sayansi ya nyota, ina APE. Ni waraka wenye namba, mtu mmoja anauandika, watu wanaujadili, na uamuzi wenye sababu unabandikwa juu yake. Wetu hauzidi ukurasa mmoja. Wa saa, kwa mfano, ulikwenda hivi:

*Pendekezo la 1: Namna ya kuandika saa kwenye majedwali. Tatizo: wasomaji wana saa mbili, na namba tupu haisemi ni ipi. Njia tulizozifikiria: saa za Kiswahili pekee, saa 24 pekee, zote mbili. Nani ataathirika: manahodha, hoteli za Shela, watafiti wanaosoma mafaili kwa programu. Kitakachovunjika: mafaili ya zamani. Tulizungumza na: manahodha kumi na wawili, gatini Lamu na Mokowe. Uamuzi: …*

Mstari wa "tulizungumza na" ndio jibu la swali la nahodha. Pendekezo lisilo na mstari huo halipokewi.

Sasa kukubaliana kwenyewe. Kuna desturi iliyotoka kwenye miradi ya Apache, shirika la programu huria: ukitangaza jambo na muda ukapita bila mtu kupinga, limepita. Wao kwa kawaida hungoja saa 72. Kwetu saa 72 ni kidogo. Kuna anayevua, kuna asiye na bando, kuna Ijumaa. Tuliweka siku saba, na kumi na nne kwa mapendekezo. Hata hivyo msiiamini sana desturi hii. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na nimeona watu wa pwani wakinyamaza kwa adabu mbele ya mkubwa wao huku hawakubali hata chembe. Kwa hiyo pendekezo kwetu linahitaji angalau watunzaji wawili, mbali na mwandishi, waseme "nakubali" kwa maneno.

Anayepinga atoe sababu inayoweza kujibiwa. Apache wana kanuni hiyo kwa mabadiliko ya msimbo: kura ya turufu isiyo na hoja ya kiufundi haihesabiwi. "Sipendi" siyo sababu, "nahodha atasoma vibaya" ni sababu. Mkishindwa kabisa kuafikiana, pigeni kura, theluthi mbili ya waliopiga. Kura ije mwisho. Mradi unaopiga kura kila wiki una ugonjwa mwingine.

Na lile ombi la kuunganisha badiliko lililokwisha kupingwa na mtu mmoja lisiunganishwe na yeyote mpaka mjadala ufungwe. Hii iandikeni kwa herufi nene. Sisi tungekuwa nayo, samaki wale wangefika.

Hatua ya tano: neno la mwisho

Utaambiwa nahodha wengi chombo huenda mrama. Kweli, lakini hata chombo chenye nahodha mmoja kina sarahangi anayeshika pale nahodha anapolala, na mabaharia wanajua ni zamu ya nani. Mrama unatoka kwenye zamu zisizojulikana.

Python iliongozwa na mwanzilishi wake, Guido van Rossum, tangu ilipoanza, na neno lake likawa la mwisho. Julai 2018, baada ya mabishano makali juu ya PEP 572, badiliko dogo la lugha, alijiuzulu uongozi, na hakumteua mrithi. Wenzake walitumia miezi kuandika mifumo mbalimbali na kuipigia kura, na mwaka 2019 wakapata baraza la kwanza la watu watano. Katika kanuni zake ipo moja ninayoipenda: wajumbe wawili tu, si zaidi, wanaweza kutoka kwa mwajiri mmoja. R, lugha ya takwimu, nayo ilikwenda njia nyingine: tangu 1997 kuna kundi dogo, R Core Team, lenye haki ya kuandika kwenye msimbo, na mambo yanakwenda. QGIS, ambayo wachora ramani za mikoko hapa Lamu wanaijua vizuri, ni chama kilichosajiliwa Uswisi, na vikundi vya watumiaji vya nchi mbalimbali vina kura ndani yake. Njia tatu, zote hai.

Wenye mradi wa watu wanne msijitwike baraza la watano. Mkiwa chini ya watano, mwanzilishi awe na neno la mwisho kwa muda ulioandikwa, tuseme miaka miwili, kisha muulizane upya. Mkizidi hapo, chagueni watatu kwa mwaka mmoja mmoja. Mkitaka mfano wa karibu, nendeni mkaulize BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi, ya ufukweni kwenu. Kanuni zake zina mkutano mkuu wa wanachama na kamati ya kuchaguliwa, na wavuvi wamekwisha kugombana juu ya kila mnachodhani ni kipya kwenu.

Hatua ya sita: yanayohusu sayansi hasa

Programu ya duka ikikosea, mteja analalamika. Programu ya kisayansi ikikosea, jibu la uongo linaingia kwenye tasnifu na kukaa humo miaka. Kwa hiyo kila toleo liwe na namba, na toleo la zamani lisifutwe kamwe. Zenodo, iliyoanzishwa mwaka 2013 na inayoendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia cha Ulaya, huhifadhi kila toleo bure na kulipatia DOI, yaani kitambulisho cha kudumu, ili mtafiti aandike alitumia lipi. Mkitaka kuondoa kitu, toeni onyo kwa angalau toleo moja kamili kabla ya kukiondoa. Na mkigundua kosa la hesabu, tangazeni ni matoleo yapi yameathirika, kwa kiasi gani, tangu lini. Msilirekebishe kimyakimya.

Halafu majina. Ugomvi mkubwa kuliko wote niliouona haukuwa wa msimbo, ulikuwa wa nani aandikwe kwenye makala. Taasisi moja ilitumia programu yetu, ikachapisha, na kwenye shukrani ikaandika "wadau wa Lamu". Mama wa Matondoni akaniuliza wadau ndio nani. Tangu hapo hifadhi yetu ina faili la namna ya kututaja, lenye majina yote na kazi ya kila mmoja, na kanuni kwamba makala ikiandikwa kwa jina la mradi, kila mtunzaji huulizwa kabla haijapelekwa.

Hatua ya saba: pesa na adabu

Pesa kidogo ni fitina kubwa. Zitoeni kwenye simu ya mtu. Miradi mikubwa hutumia mlezi wa kifedha. NumFOCUS ya Marekani, iliyoanzishwa 2012, hupokea michango kwa niaba ya NumPy na miradi mingine mingi. Wadogo mnaweza kujisajili kama kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, mkafungua akaunti ya benki yenye sahihi mbili na kubandika mapato na matumizi kila baada ya miezi mitatu. Mfadhili apewe shukrani na ripoti. Kura asipewe. Anaweza kulipia kazi ifanyike, ila kazi hiyo itapita kwenye mapitio yaleyale.

Kanuni za adabu msizitunge upya. Contributor Covenant, iliyoandikwa na Coraline Ada Ehmke mwaka 2014, inafaa kuanzia. Ila haitawaambia jambo moja: Lamu kila mtu ni jamaa ya kila mtu. Teueni watu wawili wa kupokea malalamiko, mwanamume na mwanamke, na andikeni kwamba mwenye udugu na mlalamikaji au mlalamikiwa anajitoa. Kwetu ilibidi tumwombe mtu wa Malindi awe wa tatu, maana shauri la kwanza lilipokuja wote wawili walikuwa wajomba.

Hatua ya nane: wekeni mahali panapoonekana

Yote haya yaingie kwenye faili moja ndani ya hifadhi ya msimbo. Letu linaitwa UTAWALA, kurasa nne, na kulibadilisha kunahitaji pendekezo kama badiliko jingine lolote. Jedwali la funguo halimo humo. Liko faragha, kwa watunzaji wote. Mara moja kwa mwaka tunalisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, na kila mtu anajaribu ufunguo wake hapohapo. Mwaka jana mbili hazikufunguka.

Pendekezo la 1 lilipita baada ya siku kumi na nne. Sasa jedwali linaandika "saa 4:20 asubuhi", na chini yake kwa herufi ndogo 10:20. Mafaili ya watafiti yamebaki na saa 24. Nilimpelekea nahodha nakala ya kwanza, nikamwomba akae kwenye kikao kila tunapobadilisha kitu ambacho manahodha watakisoma. Aliitazama karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. "Nitakaa," akasema. "Ila musiite kikao siku za bamvua."

Tumeliandika. Ni kifungu cha tisa.